Ukienda Lamu kwa likizo, andaa mwili kabla ya mizigo

Mfanyakazi wa ofisini mjini Nairobi huamka asubuhi akaketi kwenye matatu, akifika kazini akaketi mezani, jioni akaketi tena kwenye matatu, na usiku akaketi mbele ya televisheni hadi usingizi umchukue. Miezi kumi na mmoja hupita hivyo. Mwezi wa kumi na mbili huchukua likizo, huabiri ndege kwenda Lamu, na asubuhi ya pili anataka kuogelea, kupiga makasia, kupanda vilima vya mchanga na kutembea ufuo mzima wa Shela, yote hayo chini ya jua ambalo mwili wake haulijui.

Kutaka likizo ya namna hiyo si kosa. Ni afadhali mara nyingi kuliko kulala chini ya mnazi wiki nzima na kurudi nyumbani umenenepa. Kosa ni kuirukia. Wageni wengi wanaoelekea pwani huwa na hofu ya papa, ilhali hatari zenyewe ni za kawaida zaidi: joto, mkondo wa maji, mbu, na moyo uliozoea kiti.

Msomaji, ikiwa unapanga kuitembelea safu ya visiwa vya Lamu kwa ajili ya mazoezi na burudani, panga safari yako kwa mambo matatu: hali ya mwili wako, msimu wa upepo, na saa za maji kujaa na kupwa. Mengine yote yatafuata.

Visiwa vyenyewe

Watu husema "Lamu" kana kwamba ni mahali pamoja. Kwa hakika ni msururu wa visiwa vilivyo kaskazini mwa pwani ya Kenya. Vikubwa ni Lamu yenyewe, Manda na Pate, kisha kuna Ndau, Kiwayu na vingine vidogo vinavyoendelea kuelekea mpaka wa Somalia. Mji wa kale wa Lamu uliorodheshwa na UNESCO kuwa turathi ya ulimwengu mwaka wa 2001.

Kwa mtu anayetaka kuushughulisha mwili, visiwa hivi vina faida moja kubwa: vichochoro vya mji wa kale havipitiki kwa gari. Ukitaka kwenda mahali utatembea, utapanda punda au utaingia chomboni. Kutoka mji wa Lamu hadi Shela ni takriban kilomita tatu kwa miguu kando ya maji. Shela kuna ufuo wa mchanga wa karibu kilomita 12, na nyuma yake vilima vya mchanga. Ng'ambo ya mlango wa bahari, kwenye kisiwa cha Manda, kuna ufuo uliotulia wa Ras Kitau na magofu ya Takwa, mji uliostawi kati ya karne ya 15 na ya 17 kisha ukahamwa. Upande wa kaskazini mashariki mwa Manda kuna kisiwa kidogo cha Manda Toto, chenye miamba ya matumbawe na samaki wa rangi nyingi. Pate ni kisiwa cha wapenda kutembea: kuna mji wa Pate, Siyu na ngome yake, Faza, na magofu ya Shanga.

Wiki sita kabla ya safari

Maandalizi huanzia nyumbani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Kama hujafika hapo, anza wiki sita kabla ya kuondoka. Wiki mbili za kwanza tembea kwa haraka dakika 20 kwa siku, siku tano kwa wiki. Kipimo cha mwendo ni hiki: uweze kuzungumza lakini usiweze kuimba. Wiki ya tatu na ya nne ongeza zifike dakika 30, na uache lifti ya ofisini upande ngazi. Wiki mbili za mwisho, tembea saa moja na nusu mara moja kwa wiki, kwa mfano katika Msitu wa Karura ikiwa unaishi Nairobi, ukivaa viatu vilevile utakavyosafiri navyo.

Je, mazoezi hayo yote ni ya nini ikiwa unakwenda kutembea ufuoni tu? Sababu ni mchanga. Kutembea kwenye mchanga mwororo hutumia nguvu mara mbili au zaidi kuliko kutembea mwendo uleule juu ya lami, kwa maana mguu huzama na kuteleza kila hatua. Kilomita nne za mchanga mkavu si kilomita nne za barabara ya Ngong. Misuli ya nyuma ya mguu na kano ya kisigino ndizo huumia kwanza.

La pili ni kuogelea. Wengi waliokulia bara hawakufundishwa. Kama hujui kabisa, wiki sita hazitakufanya mwogeleaji wa baharini, lakini zinatosha kujifunza kuelea chali bila hofu, na ujuzi huo huokoa maisha. Jipime katika kidimbwi: je, unaweza kuelea dakika tano na kuogelea mita 50 bila kushika ukuta? Usipoweza, likizo yako ya majini iwe katika maji yasiyopita kiuno.

Nani amwone daktari kwanza

Mtu yeyote aliyepita miaka 40 na ambaye hajafanya mazoezi kwa muda mrefu apimwe shinikizo la damu na sukari kabla ya safari. Aliye na maradhi ya moyo, pumu, kifafa au kisukari azungumze na daktari wake kuhusu mambo mahususi anayotaka kufanya, asiseme tu "nakwenda pwani".

Kuna mambo ambayo wagonjwa wengi hawaambiwi. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu humfanya mtu akojoe sana, na katika joto la pwani anaweza kupungukiwa maji upesi. Usiziache kwa hiari yako; muulize daktari la kufanya. Dawa ya insulini huharibika kwa joto, kwa hiyo ibebe ndani ya chupa pana ya kuhifadhi baridi, ila isigusane na barafu, kwani ikiganda pia huharibika. Mgonjwa wa kisukari asitembee pekupeku: mchanga wa adhuhuri unaweza kuunguza nyayo zisizohisi sawasawa, na kidonda kidogo cha matumbawe kikawa kikubwa. Mwenye kifafa asiingie majini peke yake hata kama dawa zinamfaa. Mwenye pumu asipige mbizi kwa mtungi wa hewa bila kuruhusiwa na daktari.

Chagua msimu kwa upepo

Wenyeji wa Lamu hawahesabu mwaka kwa miezi pekee, huuhesabu kwa pepo. Kusi huvuma kutoka kusini kuanzia karibu mwezi wa Aprili hadi Septemba. Mwanzo wake huja na mvua za masika, na kati ya Juni na Agosti huwa na nguvu, bahari ya nje ikachafuka na maji yakawa na vumbi la mchanga. Huo si wakati wa kutazama samaki, na si wakati wa mgeni kuvuka bahari ya nje kwa mashua ndogo.

Kusi ikikatika, hufuata majuma ya upepo mdogo katika Oktoba na Novemba ambayo mabaharia huyaita matlai. Kisha huja kaskazi, kutoka kaskazini mashariki, mpaka karibu Machi. Kwa anayetaka kuogelea, kupiga makasia na kutazama miamba, muda wa Oktoba hadi Machi ndio bora. Hata hivyo, Februari na Machi huwa na joto kali zaidi, kwa hiyo mtu mzima wa umri na mama mjamzito wangechagua Oktoba au Novemba.

Tazama pia kalenda ya Kiislamu. Katika mwezi wa Mfungo Sita hufanyika sherehe za Maulidi, wageni hufurika na vyumba huadimika. Lakini utaona mashindano ya majahazi, ya punda na ya kuogelea. Katika Ramadhani mikahawa mingi hufungwa mchana, na si adabu kunywa maji hadharani mbele ya waliofunga. Mtu anayehitaji kunywa maji kila mara kwa sababu ya mazoezi alikumbuke hilo anapochagua tarehe.

Bahari ina saa yake

Mgeni wa bara huishi kwa saa ya mkononi. Ufuoni ni lazima ujue saa ya pili, ya maji kujaa na kupwa. Kila siku maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Ikiwa leo yamejaa saa tisa alasiri, kesho yatajaa karibu saa kumi kasoro dakika kumi.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti kati yake ikipita mita tatu. Katikati ya nyakati hizo huja maji mafu, ambayo hayapandi wala hayashuki kwa kiasi hicho. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa yapata saa nne asubuhi na kujaa yapata saa kumi jioni. Siku za maji mafu huwa kinyume chake.

Kwa nini hili ni jambo la afya? Kwanza, mkondo katika mlango kati ya Lamu na Manda huwa na nguvu maji yanapoingia au kutoka, hasa wakati wa bamvua. Mwogeleaji mzuri anaweza kuchukuliwa huku akitazama. Pili, maji yakipwa, mchanga ulio karibu na bahari huwa mgumu na wa kutembeka, na magoti hayaumii sana kama katika mchanga mkavu. Tatu, mahali pengine hapafikiki maji yakiwa haba. Takwa huingiwa kwa mkono wa bahari katikati ya mikoko, na mashua ikichelewa kutoka utakwama matopeni saa nyingi bila kivuli. Safari za Pate zinazopitia mlango wa Mkanda pia husubiri maji.

Basi kabla ya kupanga ratiba, muulize nahodha: "Leo maji yanajaa saa ngapi?" Swali hilo moja litakuepusha na matatizo mengi.

Siku mbili za kwanza

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na hali yake ni ya baridi kiasi. Mwili uliozoea huko ukishushwa pwani huanza kujirekebisha: hutoa jasho mapema zaidi na jasho lenyewe hupungukiwa chumvi. Kazi hiyo huchukua siku 7 hadi 14 kukamilika. Likizo ya wengi haifiki hapo. Kwa hiyo siku mbili za kwanza zichukulie kuwa za kuzoea. Tembea asubuhi kabla ya saa tatu na jioni baada ya saa kumi, oga baharini kidogo, lala mchana.

Unapofanya mazoezi kwenye joto, kunywa karibu robo lita ya maji kila dakika 20 badala ya kusubiri kiu. Usipitishe lita moja na nusu kwa saa, kwani maji mengi kupita kiasi nayo hudhuru. Kipimo rahisi ni mkojo: ukiwa wa rangi ya chai, umepungukiwa. Madafu ni kinywaji kizuri, yana potasiamu kwa wingi, lakini yana chumvi kidogo. Aliyetokwa na jasho jingi au aliyeharisha anahitaji maji ya ORS. Usipopata pakiti, changanya lita moja ya maji yaliyochemshwa na vijiko sita vidogo vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Mwenye maradhi ya figo asinywe madafu bila kumuuliza daktari, kwa sababu ya potasiamu hiyo.

Jua dalili za kuzidiwa na joto. Kichwa kuuma, kichefuchefu, mkazo wa misuli na kizunguzungu ni onyo: ingia kivulini, legeza nguo, jimwagie maji, kunywa. Lakini mtu akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, akayumba au akazirai, na mwili ukawa wa moto sana, hiyo ni hatari ya kifo. Mmwagie maji mwili mzima na mpepee papo hapo huku mwenzako akitafuta njia ya hospitali. Msimpe kinywaji akiwa hana fahamu.

Wapo wanaodhani ngozi nyeusi haiungui. Huungua, ingawa huchukua muda zaidi. Jua kali zaidi ni la kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Anayeelea kifudifudi kutazama samaki huunguzwa mgongo bila kuhisi kwa sababu maji yanampoza; avae fulana. Kofia pana ya ukili inauzwa pale pale Lamu. Mafuta ya kukinga jua yawe ya kiwango cha 30 au zaidi, yapakwe tena kila baada ya saa mbili na baada ya kutoka majini. Kwa mtu mwenye ulemavu wa ngozi haya yote ni ya lazima, pamoja na nguo ya mikono mirefu.

Mfano wa wiki moja

Siku ya kwanza, fika, pumzika, kisha jioni tembea kando ya gati na ndani ya mji. Siku ya pili, ondoka alfajiri kwa miguu hadi Shela, uogelee kidogo na urudi kwa mashua. Siku ya tatu, vuka hadi Ras Kitau, ambako maji yametulia zaidi na watoto pia wanaweza kucheza. Kama kuna kayaki, piga makasia nusu saa, si zaidi.

Siku ya nne, nenda Takwa maji yanapojaa. Siku ya tano, pumzika. Siku hii wengi huiruka, nao ndio huumia siku ya sita, kwa maana misuli hujijenga wakati wa mapumziko. Tembelea jumba la makumbusho, kaa barazani, kula samaki wa kupaka. Siku ya sita, chukua mashua hadi Manda Toto kutazama miamba. Siku ya saba, maji yakiwa yamepwa, tembea ufuo wa Shela kadiri ya nguvu zako. Kumbuka kwamba kilomita tano za kwenda ni tano za kurudi, na hakuna mti njiani. Nendeni kikundi pamoja na mwenyeji. Mtu asitembee peke yake mbali na kijiji.

Vilima vya mchanga vya Shela ni mazoezi mazuri ya mapaja, lakini vina kazi kubwa kuliko hiyo. Mvua huchujwa ndani yake na kuhifadhiwa chini, na humo ndimo hutoka maji matamu ya kisiwa. Usiache takataka wala kujisaidia huko.

Ukiwa na wiki ya pili, nenda Pate. Kutoka mji wa Pate hadi Siyu ni kama saa mbili kwa mwenye kutembea vizuri, kupitia mashamba na minazi. Beba maji yako mwenyewe na uchukue kijana wa pale akuonyeshe njia.

Ukiwa majini

Ufuo wa Shela upande wa bahari kuu haukingwi na mwamba kama ufuo wa Diani au wa Watamu. Kuna mawimbi, na nyakati nyingine maji yaliyosukumwa ufuoni hurudi baharini kwa mkondo mwembamba wenye nguvu. Ukijikuta unavutwa, usipigane nao kwa kuogelea moja kwa moja kuelekea nchi kavu. Utachoka na kuzama. Elea, pumua, paza mkono, kisha ogelea sambamba na ufuo hadi utoke kwenye mkondo, ndipo urudi. Usioge peke yako, usioge usiku, na usioge baada ya kunywa pombe.

Kabla ya kulipa nauli ya mashua, hesabu jaketi za kuokolea na abiria. Zisipotosha, tafuta chombo kingine. Livae jaketi, usilikalie. Mtoto apewe la ukubwa wake. Nahodha akisema upepo umezidi leo, usimshawishi kwa pesa.

Kwa wale watakaopiga mbizi kwa mtungi wa hewa, pangeni siku ya kurudi vizuri. Hewa ya naitrojeni iliyoyeyuka katika damu huhitaji muda kutoka, na ndege ikipaa mapema inaweza kugeuka mapovu mwilini. Subiri angalau saa 18 baada ya kupiga mbizi mara kadhaa. Saa 24 ni salama zaidi.

Miiba na majeraha

Vaa viatu vya mpira kila unapokanyaga miamba. Yule mdudu mweusi mwenye miiba mirefu kama sindano hukaa katika mashimo ya mwamba na miiba yake hukatikia mguuni. Toa inayoonekana kwa kibano, kisha tia mguu katika maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa dakika 30 hadi 90. Dawa hiyo hiyo hufaa kwa mwiba wa samaki taa. Mahali penye mchanga na maji machache, buruta nyayo badala ya kuziinua. Taa atasikia na kukimbia. Jeraha la taa likiwa kubwa, au likiwa kifuani au tumboni, ni la hospitali mara moja.

Ukichomwa na konyeza, osha kwa maji ya bahari, si maji matamu, ondoa nyuzi zake bila kusugua, kisha tumia maji ya moto. Ukikatwa na matumbawe, osha sana kwa maji safi na sabuni hadi chembe zote zitoke, kwani hubaki ndani na kutunga usaha. Hakikisha kabla ya safari kwamba chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na wakati. Na kwa kuwa Lamu ina paka wengi, waambie watoto wasiwachezee. Akiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha mpeleke hospitali kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha wanyama.

Mbu na maji ya kunywa

Aliyeishi Nairobi, Nyeri au Limuru miaka mingi hana kinga ya malaria, hata kama alizaliwa Kilifi au Kisumu. Kinga hiyo hupungua mtu akikaa mbali na mbu wenye ugonjwa. Lala ndani ya neti, vaa mikono mirefu kuanzia magharibi, jipake dawa ya kufukuza mbu. Muulize daktari mapema ikiwa unahitaji dawa za kuzuia malaria, kwani baadhi huanzwa wiki mbili au tatu kabla ya safari. Ukipewa doksisaiklini, jua kwamba huifanya ngozi iungue na jua kwa urahisi, na kwamba haiwafai wajawazito wala watoto wadogo.

Maji ya visima vya mjini usiyanywe kabla ya kuchemshwa. Kuhusu sharubati, uliza imetengenezwa kwa maji gani na barafu imetoka wapi. Chakula kiwe cha moto.

Njia na huduma

Uwanja wa ndege uko kisiwani Manda, na kutoka hapo huvuka kwa mashua. Wanaokwenda kwa barabara hufika gati la Mokowe. Barabara ya kutoka Garsen imewahi kushambuliwa, hasa tangu mwaka wa 2014, kwa hiyo ulizia hali ya usalama kabla ya kukata tiketi. Fanya hivyo pia kabla ya kwenda Kiwayu na Kiunga karibu na mpaka. Mwaka wa 2011 wageni walitekwa nyara Kiwayu na Manda.

Hospitali kubwa ya visiwani ni ya King Fahd, mjini Lamu. Kutoka Manda Toto au Pate, hospitali hiyo hufikiwa kwa mashua, na mashua husubiri maji. Kwa hiyo beba kisanduku cha huduma ya kwanza: dawa zako za kila siku za kutosha wiki moja zaidi, ORS, bandeji, sabuni, kibano, dawa ya maumivu na kipima joto. Ulizia pia ikiwa bima yako inalipia kusafirishwa kwa ndege wakati wa dharura.

Ukirudi nyumbani

Likizo haiishi unaposhuka ndege. Dalili za malaria huanza wiki moja au zaidi baada ya kuumwa na mbu, kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja. Homa yoyote katika muda huo usiiite mafua wala uchovu wa safari. Nenda ukapimwe damu siku hiyo hiyo na umwambie daktari, "Nilikuwa Lamu." Kama ulipewa dawa za kuzuia malaria, maliza zote, doksisaiklini huendelea kumezwa wiki nne baada ya kurudi.

Na lile zoezi la wiki sita usiliache. Dakika 30 zilizokuwezesha kutembea ufuo wa Shela ndizo zitakazoulinda moyo wako ukiwa Nairobi. Ukiziendeleza, mwaka ujao hutahitaji kuanza upya, na siku mbili za kuzoea joto ndizo zitakazobaki kuwa kazi yako ya kwanza Lamu.